Kabla ya Kununua Bati, Panda Darini

Kila masika habari huwa ile ile, jina la wilaya tu ndilo linalobadilika: upepo mkali ulioambatana na mvua umeezua mapaa ya nyumba kadhaa na madarasa mawili matatu. Picha inaonyesha bati lililojikunja juu ya mwembe, ukuta ulioachwa wazi, na godoro limeanikwa uani. Siku mbili tatu baadaye anafika kiongozi na kukabidhi mabati. Yanahesabiwa mbele ya kamera, yanapigiwa makofi. Sijawahi kuona hafla ya kukabidhi mbao za 2x4, wala sijamwona mtu akishangiliwa kwa kuleta bolti.

Lakini lisogelee lile bati la mwembeni. Mara nyingi utalikuta limeondoka na papi zake, misumari ya bati bado imezing'ang'ania. Maana yake bati halikumwachia mtu. Walioachia ni waliokuwa chini yake: papi zimechomoka kwenye kenchi, au kenchi imeng'oka ukutani ikiwa nzima. Ukirudishia bati jipya juu ya mbao zile zile, kwa misumari ya aina ile ile, umelipa gharama ya kuezeka lakini paa hujalitengeneza.

Tumezoea kuiona kenchi kama kitu cha kubeba, na bati ni jepesi mno kuihangaisha. Bati la geji 28, lenye unene wa kama milimita 0.4, ni kilo 3 au 4 tu kwa mita moja ya mraba. Nyumba yenye paa la mita za mraba 150 basi imebebeshwa bati la kama nusu tani, uzito ambao kuta hata haziusikii. Wepesi huo ndio unaoleta balaa upepo unapokuja. Upepo ukipita juu ya paa hunyonya kwenda juu, hasa pembeni, kwenye kona na karibu na kilele. Ukiingia chini ya baraza iliyo wazi, husukuma kwenda juu. Paa linavutwa na kusukumwa kwa pamoja, na linalolizuia ni ufungaji tu: bati lishike papi, papi ishike kenchi, kenchi ishike mbao iliyolazwa juu ya ukuta, na mbao hiyo ishike lenta. Kiungo kimoja kikilegea, ubora wa vingine hausaidii kitu.

Pwani hii ina kumbukumbu yake. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha minazi na mikarafuu shamba kwa shamba. Tarehe hiyo hiyo, mwaka 1952, kingine kikaishukia Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, redio zilitangaza tahadhari mchana na usiku. Hayo ni matukio ya nadra. Mapaa mengi yanayoezuliwa nchini huezuliwa na upepo wa mvua wa kawaida, wa robo saa, ambao jirani mwenye paa lililofungwa vizuri anausikia tu akiwa amejifunika shuka. Upepo huja kumalizia kazi iliyokwishafanywa miaka kadhaa na maji, na mchwa, na wakati mwingine na fundi aliyekuja kufunga kiyoyozi.

Kenchi ya kawaida ya mitaani kwetu ni pembetatu. Ina makombamoyo mawili ya mteremko, mbao ya chini inayolala kutoka ukuta hadi ukuta, mbao ya wima katikati, na vipande vya mshazari vinavyogawanya nafasi iliyobaki. Uzito ukiyashukia makombamoyo, miguu yake hutaka kutanuka kwenda nje. Mbao ya chini ndiyo inayoirudisha, kwa hiyo muda wote inavutwa huku na huku. Wengi hudhani imewekwa pale ili dari ipate pa kupigiliwa. Ile ya wima ya katikati nayo tunaiita nguzo, kumbe katika kenchi iliyopigwa sawasawa haisimami juu ya chochote: inaning'inia kutoka kileleni na kuishikilia mbao ya chini isibonyee. Ukiyajua haya mawili, makosa mengi utayaona mwenyewe kwa macho. Msumari mmoja uliopigwa kinyumenyume chini ya mbao ya wima unashikilia nini? Na aliyekata mbao ya chini ili tangi la lita 500 lipate pa kukaa, amefungulia kuta zisukumwe nje.

Tangi hilo likijaa ni nusu tani mahali pamoja, sawa na bati la nyumba nzima. Siku hizi zimeongezeka na hita za maji ya jua, zile zenye pipa la lita 200 au 300 juu ya paa. Anayeuza huja na mafundi wake, wanamaliza kwa nusu siku na kuondoka. Sijasikia wanaoomba kwanza kuingia darini kutazama pipa litakaa juu ya kenchi ipi.

Kuna jambo jingine linaloanzia mbali kidogo. Mbao nyingi za kupaulia hapa kwetu ni za msindano, na sehemu kubwa hutoka nyanda za juu kusini, kwenye msitu wa Sao Hill na mashamba ya watu binafsi ya Mufindi na Njombe. Maji yaliyomo ndani ya mbao mbichi ya msindano yanaweza kuuzidi uzito wa mbao hiyo ikishakauka. Ilipaswa kupangwa kivulini, ikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, mpaka maji yashuke chini ya asilimia 20. Badala yake hupasuliwa, hupakiwa kwenye lori, na wiki hiyo hiyo iko juu ya ukuta Kibaha au Chanika. Huko juu, chini ya bati la moto, inakauka kwa haraka na kujipinda. Misumari iliyopigwa mbao ikiwa mbichi hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake inapokauka. Mwenye nyumba husikia usiku paa likilia, ka, ka, akaambiwa ni bati linapoa. Ni kweli bati linapoa, lakini hiyo si sababu ya kutokwenda kutazama viungo.

Halafu mbao zetu huja na urefu wa futi 12. Wajenzi wa zamani wa Mji Mkongwe na Lamu waliukubali urefu walioletewa na msitu: boriti ya mkoko iliwapa chumba chenye upana wa mita 2.5 mpaka 3 hivi, nao wakajenga vyumba vyembamba virefu, nyumba zikasimama karne. Sisi tunataka sebule ya mita 6 kwa mbao ya mita 3.6, kwa hiyo lazima tuunge. Kuunga si dhambi. Swali ni tunaunga wapi, na kwa kutumia nini. Kiungo cha mbao ya chini kinachoangukia juu ya ukuta wa kati kina pa kuegemea. Kinachoangukia katikati ya sebule, kimeshikwa kwa misumari mitatu na kipande cha mbao cha futi moja, ndicho kitakachoanza kuishusha dari, na mwenye nyumba atamlaumu fundi wa jipsamu.

Basi panda. Nenda saa moja na nusu asubuhi, kabla bati halijashika moto, ukiwa na tochi, bisibisi na chaki. Kanyaga mbao, usikanyage dari. Ukishatulia, zima tochi kwanza. Giza litakuonyesha kila tundu la bati kwa kidoa chake cha mwanga, na chini ya kila kidoa kuna mbao ya kuichunguza. Washa tena, tafuta michirizi ya kahawia, vichwa vya misumari vilivyoota kutu, na weusi wa ukungu. Kisha nenda kwenye miguu ya kenchi, kule pembeni ambako bati linakaribia ukuta na mtu lazima alale kifudifudi ili afike. Wakaguzi wavivu hawafiki huko, na huko ndiko kwenye ugonjwa. Chomeka ncha ya bisibisi. Mbao nzima itaikataa baada ya milimita mbili tatu. Iliyooza itaimeza, na ukiichomoa itatoka na nyuzi laini zenye unyevu, rangi ya ugoro.

Mchwa wa ardhini ni mwongo zaidi. Hula ndani na kuacha ngozi ya nje ikiwa safi, hata rangi ya dawa unaiona. Kinachowasaliti ni njia zao za udongo ukutani, kwa sababu hawawezi kuishi bila unyevu wa ardhini na hawapendi mwanga. Gonga mbao kwa mpini wa bisibisi: iliyoliwa hutoa mlio wa uwazi. Wapo wengine wanaoishi ndani ya mbao kavu bila kushuka ardhini, hao huacha vijipunje vidogo kuliko ufuta vilivyorundikana juu ya dari. Wabunguaji nao huacha vitundu vya milimita moja au mbili na unga laini. Unga huo ufute wote, weka alama ya chaki, rudi baada ya mwezi. Ukikuta mwingine, wadudu wako kazini. Usipokuta, huenda hayo ni makovu ya zamani tu, na hakuna sababu ya kulipia dawa ya nyumba nzima.

Si kila ufa ni ugonjwa pia. Mbao ikikauka hupasuka kwa urefu kufuata nyuzi zake, na ufa wa aina hiyo katikati ya mbao unaweza kukaa miaka bila madhara. Unaotisha ni ule unaokata nyuzi kwa mshazari, unaopita kwenye msitari wa misumari, au unaoanzia kwenye fundo kubwa upande wa chini wa mbao inayobeba. Huo utie chaki mara mbili.

Hapa niseme langu kuhusu mapaa ya kuficha, yale yanayozungushiwa ukuta ili nyumba ionekane bapa kwa mbele. Yanapendeza. Lakini paa la mteremko linalotoa maji nje ya kuta likivuja pembeni, linavuja uani. Paa la kuficha hukusanya maji yote kwenye mfereji uliopo ndani ya ukuta, juu kabisa ya miguu ya kenchi. Majani mawili ya mwembe na mfuko mmoja wa plastiki vikiziba tundu la kutolea maji, mfereji unajaa na kumwagikia ndani. Anayetaka nyumba ya namna hiyo aachiwe mteremko wa kutosha kwenye mfereji, matundu mawili badala ya moja, na tundu la tahadhari juu yake la kumwaga maji nje yakizidi. Na apande kuusafisha kabla ya vuli na kabla ya masika. Asiyekuwa tayari kupanda ngazi mara mbili kwa mwaka ajenge paa la kawaida.

Ukishapata orodha yako ya chaki, fundi atakuja, atazungusha tochi, halafu atasema, “Bosi, hii tunapiga kiraka tu.” Huenda ana haki. Kenchi iliyoharibika mahali pamoja haihitaji kung'olewa. Ila muulize kwanza maji yaliingilia wapi. Kiraka kinachowekwa huku kofia ya paa bado inavuja kitaoza kabla hujamaliza kumlipa.

Chukua mguu wa kenchi uliooza, ndiyo kazi inayotokea zaidi. Kwanza ni kupokea mzigo. Mirunda miwili imara inasimamishwa chini ya kiungo kilicho kizima kilicho karibu, ikiegemea ubao mpana sakafuni ili isitoboe vigae, na kabari au jeki inakazwa polepole. Nia ni kuupokea mzigo, kenchi inyanyuke kwa unywele tu. Mwenye pupa ya kuinyoosha kwa mara moja mbao iliyobonyea miaka kumi atapasua ukuta au atachomoa misumari ya kenchi ya jirani. Ikilazimu kunyanyua, ni milimita chache, unasubiri, unaongeza tena. Bati la juu ya mguu huo linafunguliwa, mistari miwili ya papi inatosha.

Kisha ndipo msumeno. Kata kilichooza, na uendelee mpaka ndani ya mbao nzima, kwa sababu kuvu hutangulia mbele ya weusi unaouona. Mbao mpya, kavu na iliyotiwa dawa, yenye kipimo kile kile, inalazwa ubavuni mwa ile ya zamani na kuambatana nayo kwa urefu usiopungua mita moja kwenye sehemu nzima. Ukiweza kuweka mbili, moja kila ubavu, ni bora zaidi, maana nguvu itapita katikati na kenchi haitajipinda. Zifungwe kwa bolti za milimita 12 zenye washa pana pande zote mbili, zipishane juu na chini zisiwe msitari mmoja, wala zisikaribie mwisho wa mbao. Misumari peke yake katika mbao ya chini, ile inayovutwa, ni kumwekea mwenye nyumba deni. Na kila mahali ulipokata, hata kwenye mbao yenye dawa, paka dawa kwa brashi, kwa kuwa msumeno umefungua moyo ambao dawa huenda haikuufikia.

Kuhusu dawa hiyo, macho yanadanganya. Ukijani peke yake si ushahidi, mbao inaweza kuchovywa dakika tano kwenye rangi ikatoka kijani kibichi kuliko iliyoshindiliwa dawa kwa mtambo wa shinikizo. Omba muuzaji akukatie inchi mbili za mwisho. Ukijani ukiishia juu juu, umeuziwa rangi. Na oili chafu ya gereji, ambayo bado ina wapenzi wengi, hubaki usoni mwa mbao, hunuka nyumba nzima na hushika moto upesi.

Mguu ukishakaa, ufungwe chini. Nyumba iliyojengwa kwa uangalifu iliachiwa vipande vya nondo ya milimita 6 au 8 vikichomoza kwenye lenta ili vikunjwe juu ya mbao ya ukutani. Mafundi wengi huvikata kwa kuwa vinawasumbua kupiga plasta. Kama havipo, toboa lenta kwa keekee na utie bolti za kujikaza, kisha ufunge kila kenchi kwa mkanda wa bati zito unaopita juu yake na kupigiliwa pande zote mbili. Baraza lifungwe mara mbili. Hii ni kazi ya siku moja au mbili kwa nyumba ya kawaida, na ni ndogo kwa bei ukilinganisha na bati lenyewe.

Kuna wakati kiraka ni ubishi. Ukikuta miguu mingi ya upande mmoja imeoza, au mchwa wamepita kenchi kwa kenchi, au kilele kimebonyea na ukitazama toka ng'ambo ya barabara unaona paa lina tumbo, badilisha. Hata hivyo si lazima uezue nyumba yote na kuomba mvua isinyeshe. Kenchi hubadilishwa moja moja: ya zamani inapokelewa kwa mirunda, mpya inaingizwa vipande vipande na kufungwa humo humo darini kando yake, ndipo ya zamani inatolewa. Kila zinapofika tatu au nne zipigiwe mbao za mshazari za kuziunganisha, la sivyo zitalala upande mmoja.

Na kama umeamua kuhama kutoka bati kwenda vigae vya saruji, usizungumzie ukarabati tena. Vigae hivyo ni kilo 40 mpaka 50 kwa mita ya mraba. Paa letu lile la mita 150 linatoka nusu tani na kufika tani 6 au 7. Hapo ni kenchi mpya, zilizokaribiana zaidi, na mhandisi wa kuzipigia hesabu. Fundi mwenye uzoefu wa miaka thelathini ya mabati si wa kuzikadiria kwa jicho. Kenchi za chuma chepesi nazo zinaingia sokoni kwa kasi, na kweli mchwa hawazigusi. Lakini Kigamboni na Bagamoyo kuna chumvi hewani, na kila mahali palipochomelewa bila kupakwa tena zinki panakuwa mlango wa kutu. Zifungwe kwa skrubu zake.

Wenye nyumba za zamani zilizoezekwa asbesto wasimruhusu mtu kupanda na msumeno wala nyundo kabla ya kujua ni nini kilicho juu. Vumbi lake likivutwa huleta saratani na magonjwa ya mapafu ambayo hujitokeza miaka mingi baadaye, wakati fundi na saidia fundi wake hawakumbuki hata mtaa walikofanyia kazi. Asbesto hulowanishwa, hufunguliwa ikiwa nzima, huzungushiwa nailoni na kupelekwa mahali palipoidhinishwa.

Malipo nayo yana utaratibu wake. Gawanya fedha, na fungu moja kubwa liwe la siku viungo vyote viko wazi, kabla bati halijarudi. Siku hiyo panda mwenyewe, au mpandishe kijana wa nyumbani na simu apige picha ya kila mguu, kila bolti na kila mkanda. Bati likisharudi, tofauti ya kazi nzuri na mbaya haionekani tena mpaka upepo uje.

Zitabaki mbao za zamani zimerundikwa uani, na mama ntilie wa jirani atakuja kuziomba kwa ajili ya kuni. Zile zisizotiwa dawa mpe. Za kijani mnyime, hata akinuna: ile dawa ya shaba, kromu na aseniki ikiungua, aseniki huingia kwenye moshi na majivu, na majivu hayo ndiyo kesho atakayosugulia sufuria.